Kura 23,275 zilizokwenda na maji: kisa cha jimbo la Bristol South East

Tarehe 4 Mei 1961, wapigakura wa jimbo la Bristol South East, kusini-magharibi mwa Uingereza, walipewa karatasi ya kura yenye majina mawili tu. Anthony Wedgwood Benn wa chama cha Labour alipata kura 23,275. Malcolm St Clair wa Conservative alipata 10,231. Tofauti ilikuwa kura 13,044. Hakuna aliyelalamika kwamba sanduku limeibwa, wala aliyebisha hesabu. Hata hivyo, kabla Julai haijaisha mahakama ilikuwa imeshamtangaza St Clair kuwa mbunge halali wa jimbo hilo.

Kisa hiki husimuliwa zaidi kama habari ya mtu mmoja aliyekataa ulodi, yaani cheo cha lodi, kabaila wa Uingereza. Ni kweli alikataa, lakini ukiishia hapo utaikosa sehemu yenye faida kwa anayefuatilia kesi za uchaguzi. Suala la nani kapata kura nyingi lilikuwa limekwisha usiku wa matokeo. Kilichoamua hatima ya kiti ni jambo jingine: siku ile wapigakura wanaingia kituoni, walikuwa wanajua nini kuhusu mgombea wao?

Jimbo lenyewe

Bristol South East lilianza na uchaguzi mkuu wa 1950, baada ya mipaka ya majimbo kuchorwa upya chini ya sheria ya uchaguzi ya 1948. Lilichukua maeneo ya St George na Brislington ndani ya mji wa Bristol, na kuvuka mpaka wa mji kufika Kingswood. Upande huo wa Bristol ulikuwa wa wafanyakazi: viwanda vya viatu, na zamani kidogo machimbo ya makaa ya mawe. Labour walilihesabu kuwa lao, na kwa muda mwingi hawakukosea, ingawa halikuwa jimbo la kushinda ukiwa umelala.

Mbunge wa kwanza alikuwa Sir Stafford Cripps, Waziri wa Fedha. Cripps alikuwa mwenyeji wa upande ule wa mji: alikuwa mbunge wa Bristol East tangu uchaguzi mdogo wa Januari 1931, na Oktoba mwaka huohuo, Labour ilipokong'olewa karibu nchi nzima ikabaki na wabunge 52, yeye alinusurika kwa kura 429. Jimbo la Bristol East lilipofutwa 1950 alihamia hili jipya, lakini hakukaa. Afya ilimwangusha, na Oktoba 1950 akajiuzulu uwaziri na ubunge kwa pamoja.

Kura za maoni za Labour zilizofuata zilikuwa na mshangao wake. Aliyetazamiwa kupewa nafasi alikuwa Arthur Creech Jones, yuleyule aliyekuwa Waziri wa Makoloni kuanzia 1946 na kupoteza kiti chake cha Shipley kwenye uchaguzi wa 1950. Wanachama wa jimbo wakampita mkongwe huyo na kumchagua kijana wa miaka 25, Benn. Uchaguzi mdogo ulifanyika 30 Novemba 1950, naye akashinda kwa tofauti ya kura 7,349. Alilishika jimbo 1951, 1955 na 1959. Mwaka 1959 alipata kura 26,273 dhidi ya 20,446 za St Clair, yaani wagombea walewale wawili watakaokutana tena karibu miezi kumi na tisa baadaye. Tarakimu hizo za 1959 zishike, zitahitajika.

Urithi usiokataliwa

Baba yake Benn, William Wedgwood Benn, alikuwa mwanasiasa wa miaka mingi. Januari 1942, katikati ya vita, alipewa cheo cha Viscount Stansgate ili Labour iwe na watu zaidi katika Baraza la Malodi, baraza la juu la Bunge la Uingereza. Cheo kile kilikuwa cha kurithiwa, kwa sababu wakati ule ulodi wa maisha wa kumwingiza mtu katika shughuli za kawaida za baraza ulikuwa haujaanzishwa, ulikuja 1958. Mrithi alikuwa mtoto wa kwanza, Michael, ambaye alikusudia kuwa mchungaji, kwa hiyo ulodi usingemkwaza. Michael akafa vitani 1944, akiwa rubani. Urithi ukamwangukia mdogo wake, ambaye alikuwa anautaka ubunge.

Hapa inafaa kueleza sheria ilikuwaje, kwa sababu wengi hudhani Benn angeweza tu kunyamaza na kutokitumia cheo. Mrithi wa lodi hahitaji kukubali chochote. Dakika ile baba anapokata roho, mwana ni lodi. Ulodi katika sheria ya Uingereza ulihesabiwa kama mali isiyoshikika iliyofungwa kwenye damu: huwezi kuiuza, kuigawa, wala kuirudisha ulikoitoa. Na lodi wa Uingereza hakuruhusiwa kukaa katika Baraza la Makabwela, baraza la wabunge wa kuchaguliwa. Mwanya uliokuwapo ulikuwa wa malodi wa Ireland, ambao ndio uliomwezesha Lord Palmerston kuwa Waziri Mkuu karne ya 19 akiwa mbunge wa kuchaguliwa. Stansgate haukuwa ulodi wa Ireland. Mrithi ambaye baba yake bado yu hai, kwa upande mwingine, alikuwa huru kabisa kugombea, na ndiyo maana Benn aliketi miaka kumi bila tatizo.

Benn aliiona hatari mapema. Katikati ya miaka ya 1950 alijaribu kupitisha muswada binafsi wa kumruhusu kuukana urithi kabla haujamfika, akisaidiwa na baba yake mwenyewe ndani ya Baraza la Malodi. Winston Churchill alimwandikia barua ya kuunga mkono wazo la wana kuruhusiwa kujivua urithi wa namna hiyo. Malodi wakaukataa muswada.

Mzee Stansgate alifariki 17 Novemba 1960. Tangu siku hiyo Benn alizuiwa kuingia ukumbini. Akaandika hati ya kujivua cheo na kuirudisha hati ya kifalme iliyokianzisha. Hati hizo mbili hazikuwa na uzito wowote kisheria, lakini zilijenga msingi wa hoja. Suala likapelekwa kwenye kamati ya Bunge inayoshughulikia haki na kinga za wabunge. Kamati ikasema sheria iko wazi, hana kiti. Aprili 1961 Baraza la Makabwela likaikubali ripoti, na uchaguzi mdogo ukaitishwa. Kufikia siku ya kura, wakazi wa jimbo walikuwa wamekaa bila mbunge zaidi ya miezi mitano.

Mei 1961: fomu, tangazo, kura

Swali la kwanza ambalo msomaji huuliza ni hili: kama alikuwa hana sifa, ilikuwaje jina lake likapita? Jibu liko katika kazi ya msimamizi wa uchaguzi. Kwa kanuni za Uingereza, msimamizi hukagua karatasi. Je, jina na anwani vimejazwa inavyotakiwa? Wadhamini wametia saini, nao wamo kwenye daftari la wapigakura? Dhamana ya fedha imelipwa? Mgombea ameridhia kwa maandishi? Vikiwa sawa, fomu inapokelewa. Hana mamlaka ya kuketi kama jaji na kuamua kama mtu huyu ni lodi au la. Kwa hiyo kasoro ya sifa, tofauti na kasoro ya fomu, husubiri mahakama baada ya kura. Katika nchi ambazo pingamizi la sifa husikilizwa mapema, kisa chote hiki kingekufa wiki ya uteuzi.

Conservative walijua hilo, na mawakili wao walijua pia kwamba kushinda kesi ni jambo moja na kupewa kiti ni jambo jingine. Mahakama ikisema mshindi hakuwa na sifa, kuna matokeo mawili. La kwanza ni kubatilisha uchaguzi na kuamuru urudiwe. La pili ni kuzihesabu kura za mshindi kama zilizotupwa, kana kwamba hazikupigwa, na kumpa kiti anayemfuata. Ili kupata hilo la pili, lazima uthibitishe kwamba wapigakura walikuwa na taarifa ya kasoro kabla hawajapiga kura, wakaamua hivyohivyo. Mpigakura aliyedanganywa au asiyejua husamehewa, na uchaguzi unarudiwa. Mpigakura aliyejua na kuendelea huhesabiwa ameitupa kura yake kwa mkono wake.

Basi wakatoa taarifa. Matangazo yalisambazwa jimboni na kubandikwa kwenye vituo, yakisema kwamba Benn hana sifa kwa sababu ni lodi na kwamba kura yoyote atakayopewa itakuwa imetupwa. Mtu asiyejua sheria angeyaona kama kampeni ya vitisho. Kazi yake halisi ilikuwa kutengeneza ushahidi. Kila bango lililobandikwa lilikuwa kielelezo cha mahakamani.

Upande wa Benn ulijikuta kwenye mtego ambao sioni kama ulikuwa na njia ya kutokea. Kampeni yake yote ilikuwa juu ya suala hilohilo: je, watu wa Bristol wana haki ya kumchagua wamtakaye, au damu ndiyo inayoamua? Hakuweza kuomba kura bila kueleza kwamba yeye ni lodi asiyetaka ulodi. Kila alivyowaelimisha wapigakura wake vizuri ndivyo alivyozidi kuwathibitishia wapinzani kwamba wapigakura walijua. Kampeni nzuri ilikuwa ushahidi mbaya.

Sasa rudi kwenye tarakimu za 1959. Benn alishuka kutoka 26,273 hadi 23,275, pungufu ya kura 2,998. St Clair alishuka kutoka 20,446 hadi 10,231, karibu nusu kamili. Jumla ya kura halali ilipungua kutoka 46,719 hadi 33,506. Kushuka kwa waliojitokeza ni kawaida ya uchaguzi mdogo, lakini kushuka kwenyewe kulimwangukia zaidi mgombea mmoja. Tarakimu peke yake hazisemi ni wangapi wa Conservative waliobaki nyumbani na wangapi waliovuka upande wa pili. Zinachosema ni kwamba lile tangazo la kura kutupwa halikuwatisha watu wa Labour, na wafuasi wa St Clair hawakuwa na hamu ya kumpa kiti kwa mlango wa nyuma. Sehemu ya kura za Benn ilipanda kutoka asilimia 56.2 hadi 69.5.

Kuna kichekesho kidogo hapa ambacho wakati ule hakikuwapita watu: St Clair mwenyewe alikuwa mrithi mtarajiwa wa ulodi wa Sinclair. Mtu aliyedai kiti kwa sababu mwenzake ni lodi alikuwa kwenye foleni ya kuwa lodi.

Tarehe 8 Mei Benn alikwenda Bungeni na cheti cha ushindi. Mlinzi wa mlango, akifuata maelekezo ya Spika, akamzuia kwa adabu zote. Mshindi wa jimbo akaishia kizingitini.

Mahakamani

Kesi ya kupinga matokeo ya ubunge Uingereza hufunguliwa ndani ya siku 21 tangu matokeo kurejeshwa, mlalamikaji akiweka dhamana ya gharama. Husikilizwa na mahakama maalumu ya uchaguzi yenye majaji wawili wa Mahakama Kuu, bila baraza la wazee. Wakimaliza, humwandikia Spika cheti cha uamuzi wao, na Bunge hulitekeleza. Majaji katika shauri hili walikuwa Gorman na McNair. Benn hakuweka wakili wa kumsemea. Alijitetea mwenyewe kwa siku kadhaa, akiwa amesoma vitabu vya kale vya sheria ya ulodi kuliko mawakili wengi.

Hoja yake ya kwanza ilikuwa nzito kuliko wanavyosema wanaoifupisha. Alisema hivi: kinachomzuia lodi kukaa Baraza la Makabwela ni wajibu wake wa kukaa Baraza la Malodi, kwa kuwa mtu hawezi kutumikia mabaraza mawili. Wajibu huo huanza pale mfalme au malkia anapompelekea hati ya wito. Yeye hakuiomba hati hiyo, hakuipokea, na hana nia ya kuipokea. Kwa hiyo si lodi wa Bunge, na kizuizi hakijamfika. Ukiisoma historia ya Bunge la zama za kati, hoja hiyo ina mizizi.

Majaji hawakuikubali. Walisema kizuizi kinatokana na hadhi ya mtu, na hadhi ilimfika 17 Novemba 1960 baba alipofariki. Hati ya wito ni utaratibu wa kumpa lodi nafasi ya kuketi. Haimfanyi kuwa lodi. Kuukana urithi hakuwezekani kwa sababu hapajawahi kuwa na sheria inayoruhusu.

Baada ya hapo ndipo lile swali la taarifa lilipoamua kila kitu. Msimamo ulikuwa umewekwa na kesi za nyuma, hasa Drinkwater dhidi ya Deakin ya 1874 na Beresford-Hope dhidi ya Lady Sandhurst ya 1889. Hii ya pili ilihusu uchaguzi wa halmashauri ya London: Lady Sandhurst alishinda, lakini sheria ya wakati ule haikuruhusu mwanamke kuwa diwani, naye aliyemfuata akapewa kiti. Mahakama ilisema wapigakura walijua kwamba wanamchagua mwanamke. Kwamba hawakujua sheria inamzuia haikuwa kitu.

Hapo ndipo penye ncha, na ndipo wachambuzi wengi wanapojikwaa. Mpigakura hatakiwi kuijua sheria. Anatakiwa kuujua ukweli unaozaa kasoro. Ukijua huyu ni mwanamke, ukijua huyu karithi ulodi, umeshajua vya kutosha. Matokeo ya kisheria yanakufuata, uyakubali usiyakubali. Benn angeweza kuleta watu elfu ishirini waape kwamba waliamini kwa dhati kuwa anaruhusiwa, na wasingemsaidia. Kwa matangazo yale, magazeti yale, na vipeperushi vyake mwenyewe, hapakuwa na namna ya kusema St George au Kingswood hawakujua kwamba mtu wao ni mtoto na mrithi wa Lord Stansgate.

Tarehe 28 Julai 1961 majaji wakatamka kwamba kura 23,275 zilitupwa na kwamba St Clair alichaguliwa kihalali. Benn akabebeshwa na gharama, maelfu ya pauni, ambazo zililipwa kwa michango ya watu.

Mtu akisema mahakama ilibatilisha uchaguzi wa Bristol South East, mrekebishe. Uchaguzi ulisimama; kilichobadilishwa ni mshindi. Kama ungebatilishwa, wapigakura wangerudi kituoni, na kwa hali ilivyokuwa wangempa Benn tena, na Conservative wangefungua kesi tena. Mzunguko huo usiokuwa na mwisho ndio ambao matangazo ya vituoni yaliukata.

Njia ya kurudi

St Clair akakaa kwenye kiti chenye ridhaa ya kura 10,231 katika jimbo lililopiga 33,506. Aliahidi kwamba sheria ikibadilishwa ataachia. Serikali ya Harold Macmillan, ikiwa imeaibika kwa kiasi, iliunda kamati ya pamoja ya mabaraza mawili, nayo mwishoni mwa 1962 ikapendekeza malodi wa kurithi waruhusiwe kujivua. Muswada ukafuata 1963.

Kipengele kimoja cha muswada ule kilistahili kusomwa mara mbili. Serikali ilitaka haki ya kujivua ianze kutumika uchaguzi mkuu ujao. Baraza la Malodi, lilelile lililomkatalia Benn miaka ya 1950, likakibadilisha ili haki ianze mara tu sheria inaposainiwa. Wengi waliliona ni badiliko la kumfaa Benn peke yake. Miezi mitatu baadaye Macmillan alijiuzulu kwa ugonjwa, na waliotajwa kumrithi walikuwamo malodi wawili, Home na Hailsham. Bila badiliko lile, asingekuwapo hata mmoja wa kuhamia Baraza la Makabwela kwa wakati. Lord Home akawa Waziri Mkuu Oktoba 1963, akajivua ulodi wake 23 Oktoba, na kuingia kwa uchaguzi mdogo wa Kinross and Western Perthshire 7 Novemba. Hailsham naye akajivua, akarudi kuwa Quintin Hogg, mbunge wa St Marylebone. Kwa hiyo waliovuna mapema kutokana na ukaidi wa mbunge wa Labour walikuwa Conservative.

Sheria yenyewe, ya 1963, imewekwa kwa vipimo. Aliyekuwa tayari lodi alipewa miezi kumi na miwili tangu sheria ilipoanza. Atakayerithi baadaye ana miezi kumi na miwili tangu kurithi, au tangu kufikia utu uzima kama alirithi akiwa mtoto. Aliyerithi akiwa mbunge wa Baraza la Makabwela alipewa mwezi mmoja tu, na ndani ya mwezi huo hakuruhusiwa kuketi wala kupiga kura bungeni, ila kiti kilibaki chake. Hati ya kujivua hupelekwa kwa Lord Chancellor, waziri anayesimamia mambo ya mahakama, na haifutiki. Cheo hakifi: kinalala maisha yote ya aliyejivua, kisha kinamwamkia mrithi wake. Sheria hiyohiyo iliwaruhusu wanawake waliorithi ulodi na malodi wote wa Scotland kuketi Baraza la Malodi.

Ukiipima kesi ya Benn kwa kanuni ile ya mwezi mmoja, utaona upungufu wa sheria ya zamani ulipokuwa. Baba amefariki 17 Novemba 1960. Mwana angejivua kabla ya katikati ya Desemba. Kiti kingebaki chake. Pasingekuwapo kamati, uchaguzi mdogo, wala kesi.

Lakini sheria haikumrudishia Benn kiti. Hili nalo husahauliwa. Ilisainiwa 31 Julai 1963, na saa 12:22 jioni Benn akawa mtu wa kwanza kujivua ulodi chini yake. Alipotoka hapo alikuwa raia mwenye sifa ya kugombea, basi. Kiti kilikuwa cha St Clair, na hapakuwa na kifungu kinachomlazimisha kukiacha. Angeweza kukaa hadi uchaguzi mkuu wa 1964. Aliondoka kwa sababu aliahidi, na aliondoka kwa utaratibu wa ajabu wa Uingereza: mbunge hawezi kujiuzulu moja kwa moja, huomba kuteuliwa kwenye moja ya nafasi mbili za jina tu chini ya Taji, Chiltern Hundreds au Manor of Northstead, na uteuzi huo ndio unaomwondolea sifa ya ubunge. Mtu aliyeingia kwa sababu mwenzake alikosa sifa akatoka kwa kujikosesha sifa mwenyewe.

Uchaguzi mdogo wa 20 Agosti 1963 ulikuwa wa kukamilisha shughuli. Conservative na Liberal hawakuweka mtu. Benn alipata 20,313, asilimia 79.7. Mpinzani aliyeonekana alikuwa Edward Martell wa National Fellowship, zamani mtu wa Liberal kabla hajahamia mrengo wa kulia, aliyepata 4,834. Wagombea wengine wawili waliambulia makombo. Kwa jina la jimbo lilelile, ndani ya miaka isiyofika mitatu, Benn alikuwa ameshinda mara mbili na kuhesabiwa mara moja.

Jimbo linavyofutwa

Miaka iliyofuata haina mengi upande wa kura. Benn alishinda mfululizo, akawa Mkuu wa Posta 1964, Waziri wa Teknolojia 1966, na kuanzia 1974 Waziri wa Viwanda kisha wa Nishati. Mabadiliko ya mipaka ya 1974 yalilipa Kingswood jimbo lake. Mwaka 1979, Labour ilipoangushwa na Margaret Thatcher, Benn alibaki na ushindi wa kura 1,890 tu. Jimbo lililoitwa ngome lilikuwa limeshalegea.

Kilichomtoa hatimaye hakikuwa ulodi, kilikuwa ramani. Tume ya mipaka ilipendekeza Bristol South East lifutwe na maeneo yake yagawanywe, sehemu kubwa iende kwenye jimbo lililofufuliwa la Bristol East. Viongozi wa Labour walikwenda mahakamani kupinga mapendekezo ya tume kwa England nzima. Miongoni mwa walalamikaji walikuwa Michael Foot, kiongozi wa chama, na Michael Cocks, mnadhimu mkuu wa wabunge wa chama na mbunge wa Bristol South. Mapema 1983 Mahakama ya Rufani ikakataa. Mbunge asiye na jimbo alikuwa na njia mbili: kwenda Bristol South, lililokuwa salama zaidi, au kukaa na watu wake wa zamani kwenye Bristol East, lenye hatari. Alijaribu Bristol South kwenye kura za maoni za chama, akashindwa na Cocks yuleyule. Akaenda Bristol East, na 9 Juni 1983 akashindwa na Jonathan Sayeed wa Conservative kwa kura 1,789. Alirudi Bungeni Machi 1984 kupitia uchaguzi mdogo wa Chesterfield.

Kanuni ya kura zilizotupwa bado ni sheria, lakini kasoro iliyoiwasha Bristol imeondolewa. Sheria ya 1999 iliwatoa malodi wengi wa kurithi katika Baraza la Malodi, na asiye mjumbe wa baraza hilo anaweza kugombea ubunge bila kujivua chochote. Viscount Thurso aliingia Baraza la Makabwela 2001 na cheo chake mkononi. Na ule ulodi wa Stansgate uliolala tangu jioni ya 31 Julai 1963 uliamka Machi 2014 Benn alipofariki, ukamfikia mwanawe Stephen, ambaye 2021 aliingia Baraza la Malodi kwa uchaguzi mdogo wa kujaza nafasi ya malodi wa kurithi wachache waliobakizwa. Alikuwa mgombea peke yake, akapita bila kupingwa.